Waraka wa kinga ya mlipuko kiwandani: uwe wa namna gani, na nani aushike

Mwaka 2007 kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, jimbo la Georgia nchini Marekani, kiliifunika kwa mabati konveya ya mkanda iliyopita chini ya maghala yake ya sukari. Nia ilikuwa njema: uchafu usiingie kwenye sukari. Kabla ya hapo vumbi lililotoka kwenye mkanda lilitawanyika katika handaki pana, halikuwahi kufikia kiasi cha kulipuka. Baada ya kufunikwa likajikusanya katika nafasi finyu isiyo na kifyonza vumbi wala paneli za kupumulia mlipuko, yaani zinazofunguka ili nguvu yake itoke nje. Tarehe 7 Februari 2008 likawaka. Bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, CSB, iliona kuwa chanzo kinachoelekea zaidi ni beringi iliyopata moto kupita kiasi. Mlipuko wa kwanza ukatimua vumbi lililokuwa limelala sakafuni na juu ya mihimili, na milipuko mingine ikafuatana jengo hadi jengo. Watu 14 walikufa.

Anayepanga majukumu ya kinga ya mlipuko aitazame ajali hiyo kwa upande wa karatasi. Siku ile mabati yalipoagizwa, nani alipaswa kusema "subirini kwanza", na waraka gani ulipaswa kumfikia mezani kabla ya malipo? Majibu yako ya namna kadhaa, na kila moja lina gharama yake. Hapa tunayalinganisha kwa ajili ya kinu cha unga, kiwanda cha sukari au cha chakula cha mifugo, yaani mahali ambapo adui ni vumbi. Wenye gesi na mafuta watakuta sehemu kubwa inawahusu pia.

Sheria zinadai nini

Katika Umoja wa Ulaya, maelekezo ya 1999/92/EC yanamtaka mwajiri awe na waraka wa kinga ya mlipuko kabla kazi haijaanza. Waraka uonyeshe kuwa hatari zimetambuliwa na kupimwa, hatua zimechukuliwa, maeneo yamegawanywa katika kanda, na mitambo inatumika na kutunzwa kwa usalama. Upitiwe upya kila mahali pa kazi, mitambo au mpangilio wa kazi unapobadilika kwa kiasi kikubwa. Kama wafanyakazi wa waajiri kadhaa wako eneo moja, mwenye eneo ndiye mratibu, na namna ya uratibu huo iandikwe ndani ya waraka uleule.

Uingereza ilipitia njia nyepesi kidogo. Kanuni zake za DSEAR za 2002, za vitu hatari na hewa inayoweza kulipuka, hazidai waraka wenye jina hilo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 5 au zaidi anaandika matokeo muhimu ya tathmini yake, na anaweza kuyaweka ndani ya majalada aliyonayo tayari. Marekani haina waraka mmoja. Kanuni namba 1910.272 ya OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, inayohusu viwanda vya nafaka, inadai programu zilizoandikwa: usafi, kibali cha kazi ya moto (kama kuchomelea), mpango wa dharura, mafunzo ya kila mwaka, matengenezo. Juu yake kuna viwango vya NFPA, chama cha Marekani cha kinga ya moto, vinavyotaka uchambuzi wa hatari ya vumbi, unaopitiwa upya angalau kila miaka 5. Siku hizi viwango hivyo vya vumbi vimekusanywa katika NFPA 660.

Kenya, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, mwajiri anatakiwa afanye tathmini ya hatari, awe na sera iliyoandikwa, akaguliwe na mshauri aliyesajiliwa angalau mara moja kila miezi 12, na awe na kamati ya usalama akifikisha wafanyakazi 20. Sheria hiyo pia ina masharti juu ya vumbi linaloweza kulipuka. Tanzania ina Sheria Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa Tanzania, nao unaitwa OSHA. Zote mbili zinatazama kama hatari imedhibitiwa. Umbo la waraka anajichagulia mwajiri. Ndiyo maana swali la kuchagua lina uzito zaidi Mwanza au Eldoret kuliko Hamburg, ambako jibu limeshaandikwa.

Maumbo matatu ya waraka

| | Waraka mmoja unaojitegemea | Ndani ya tathmini ya jumla | Programu mbalimbali |
|---|---|---|---|
| Unafanana na | Ujerumani | Uingereza | Marekani |
| Mkaguzi akifika | Anaona yote mahali pamoja | Bila faharasa nzuri atazunguka majalada | Anadai programu mojamoja |
| Mtambo ukibadilika | Sura moja inaguswa, lakini lazima mtu akumbuke | Tathmini ya mashine hiyo inabadilika, ramani ya kanda husahaulika | Inategemea fomu ya mabadiliko. Isipokuwepo hakuna kinachoguswa |
| Kinachoharibika kwanza | Unazeeka kabatini | Mlipuko unapotea katikati ya hatari za kuteleza na kelele | Karatasi za kila siku zinajazwa kwa mazoea |
| Unamfaa | Kiwanda chenye laini kadhaa | Karakana ndogo yenye chanzo kimoja cha hatari | Kiwanda chenye wasimamizi wa zamu waliofundishwa vizuri |

Waraka unaojitegemea una sifa moja ambayo mengine hayana: unalazimisha mtu aseme kwa sentensi kamili kwa nini anaamini eneo fulani ni salama. Chukua elevata ya ndoo, mtambo unaopandisha nafaka kwa ndoo zilizofungwa kwenye mkanda. Ukiandika "ndani ya elevata ya ndoo ni Kanda 20 (wingu la vumbi lipo karibu muda wote), kwa hiyo beringi zimetolewa nje ya boma lake na zina vihisi joto", sentensi hiyo inaweza kuhojiwa na yeyote. Programu ya usafi peke yake haihojiwi hivyo. Inasema fagia, haisemi kwa nini kufagia kunatosha.

Lakini waraka mkubwa hufa haraka. Wenye kurasa 120 huandikwa mara moja, ukasifiwa, ukafungiwa. Kwa kinu cha kati, umbo linalodumu ni la mchanganyiko: waraka wa msingi wa kurasa 15 hadi 25 unaobeba hoja, halafu viambatisho vinavyokaa pale vinapotumika. Ramani ya kanda ibandikwe chumba cha udhibiti na ofisi ya matengenezo, orodha ya vifaa ikae kwa mhandisi, daftari la vibali likae kwa msimamizi wa zamu. Waraka wa msingi unataja kila kiambatisho kwa namba na kwa mwenye kukishika. Sheria ya Ulaya yenyewe inaruhusu kuunganisha tathmini na nyaraka zilizopo, kwa hiyo hata kiwanda kinachouza huko, au chenye kampuni mama ya huko, hakitapata shida na umbo hili.

Vitu ambavyo waraka wa msingi haukwepi, umbo lolote lile

Kwanza, takwimu za vumbi lenyewe: joto la kuwaka likiwa wingu, joto la kuwaka likiwa tabaka, nishati ndogo kabisa ya cheche inayoliwasha, kiasi cha chini hewani kinachoweza kulipuka, na kipimo cha ukali wa mlipuko, yaani Kst. Andika kama namba zimetoka maabara kwa sampuli yako au zimechukuliwa kwenye jedwali. Kwa kipimo hicho unga wa ngano huangukia daraja la St 1, lililo la chini kabisa kwa vumbi linalolipuka, na hapo wengi hulegea. Sukari nayo iko St 1, na Port Wentworth ilibomoka.

Pili, hesabu ya joto la nje la vifaa. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya umeme, IEC 60079-14, kina masharti mawili, na lililo kali ndilo linaloshinda. Uso wa kifaa usizidi theluthi mbili ya joto linalowasha wingu. Tena usizidi joto linalowasha tabaka la milimita 5, likitolewa nyuzi 75. Tuseme vumbi lako linawaka kwa nyuzi 390 likiwa wingu na 300 likiwa tabaka: theluthi mbili ya 390 ni 260, na 300 kutoa 75 ni 225. Kikomo chako ni 225. Mota yenye alama ya T135°C, yaani uso wake hauzidi nyuzi 135, inaingia bila wasiwasi. Hita ya nyuzi 240 haingii, ingawa aliyetazama wingu peke yake angeipitisha. Sharti la tabaka ndilo linalosahaulika zaidi, hasa pale tabaka linapozidi milimita 5, kwa maana vumbi nene huhifadhi joto na kikomo kinashuka zaidi.

Tatu, ramani ya kanda yenye vipimo. Kanda 20 ni pale wingu lipo muda wote, muda mrefu au mara kwa mara. 21 ni pale linaweza kutokea mara mojamoja katika kazi ya kawaida. 22 ni pale halitarajiwi, na likitokea halikai. Ramani isiyo na mita ni picha tu. Andika "mita 1 kuzunguka mdomo wa kumwagia magunia, hadi sakafuni", kwa sababu fundi wa umeme anayefunga soketi anahitaji kujua kama ukuta ule uko ndani au nje.

Nne, vyanzo vya kuwasha. Kiwango cha Ulaya EN 1127-1 kinataja aina 13, kuanzia nyuso za moto na cheche za msuguano hadi umeme tuli na radi. Pitia zote, hata zile unazoziandikia "haihusiki", na useme kwa nini haihusiki.

Tano, kiasi cha vumbi kinachovumiliwa, kwa namba. "Pawe pasafi" haipimiki. Marekani, kwa maghala ya nafaka, imeweka kikomo cha inchi moja ya nane, karibu milimita 3.2, katika maeneo ya kipaumbele kama mita 10.7 kuzunguka elevata za ndani. Hicho ni kiwango cha kuchukua hatua papo hapo. Kisichukuliwe kuwa cha kuridhikia. Hesabu fupi inaonyesha kwa nini: tabaka la milimita 1 la vumbi lenye uzito wa kilo 500 kwa mita ya ujazo, likitimuliwa katika chumba chenye kimo cha mita 5 kutoka sakafu hadi dari, linatoa wastani wa gramu 100 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Hicho kinapita kiasi cha chini cha kulipuka cha aina nyingi za unga. Milimita 1 ni vumbi ambalo ukipitisha kidole juu ya boma la mota linaacha mstari unaoonekana kutoka mlangoni. Na wafagiaji wasipewe hewa ya kompresa, maana hewa hiyo ndiyo hutengeneza wingu ambalo waraka wote umeandikwa kulizuia.

Nani aushike

Afisa usalama ndiye hupewa mara nyingi, kwa kuwa neno "usalama" liko kwenye cheo chake. Anajua sheria, anazoeana na wakaguzi, ana mazoea ya kutunza kumbukumbu. Kasoro yake si ya kwake: haagizi mota, hapangi zamu, na viwanda vingi havimruhusu kusimamisha kinu bila kupiga simu kwanza. Mabadiliko anayagundua akiona kreti tupu la mashine mpya uani. Wakati huo mashine imeshafungwa.

Mhandisi wa matengenezo anavijua vifaa kuliko yeyote. Anaweza kusoma alama kama "Ex tb IIIC T135°C Db" na kujua kuwa ni ya Kanda 21. Ukimpa waraka mzima, sura za vifaa zitakuwa bora kabisa na sura za mchakato zitakuwa nyembamba. Kiwanda kikihama kutoka kusaga mahindi kwenda kusaga viungo au sukari laini, vumbi limebadilika lakini hakuna boliti iliyoguswa, na yeye hataona sababu ya kufungua jalada. Zaidi ya hayo, atakuwa anajikagua mwenyewe.

Mshauri wa nje anahitajika kwa mambo matatu ambayo kiwanda kimoja hakiwezi kujijengea: vipimo vya maabara, hesabu za ukubwa wa paneli za kupumulia mlipuko, na jicho lisilozoea mahali. Kumwachia waraka wote ni kununua PDF. Ukimkodi, mkataba useme wazi mambo haya: akabidhi michoro ya kanda katika faili linaloweza kuhaririwa, aorodheshe dhana zote alizotumia (kasi ya feni, saa za kazi, aina ya bidhaa) ili dhana ikivunjika ujue sura ipi imekufa, na atumie angalau nusu siku kutembea kiwandani na wasimamizi wa zamu akiwa na waraka mkononi. Asiyekubali sharti la pili, mwache.

Anabaki mkuu wa kinu, au meneja wa uzalishaji kwa viwanda vingine. Kwa maoni yetu huyu ndiye mshika waraka anayefaa, kwa sababu moja tu: ndiye mwenye mamlaka ya kusimamisha uzalishaji na kukataa mabadiliko. Udhaifu wake unajulikana na kila mtu. Anapimwa kwa tani. Mwezi ukiwa mbaya, kinga ya mlipuko itasubiri. Kwa hiyo asiachwe peke yake: mhandisi ashike orodha ya vifaa na ratiba ya ukaguzi kwa saini yake, na afisa usalama asishike chochote ndani ya waraka, bali aukague kila robo mwaka na kuripoti kwa mkurugenzi moja kwa moja, si kwa mkuu wa kinu.

Waswahili husema manahodha wengi chombo huenda mrama, na mgawanyo huu unaweza kuleta hilo kama haujaandikwa. Ujerumani ina kawaida nzuri ya kuiga: sheria yao ya ulinzi kazini inamruhusu mwajiri kukasimu majukumu kwa mtu anayeaminika na mwenye ujuzi, lakini kwa maandishi. Barua ya kukasimu itaje jina la mtu pamoja na cheo chake. Mipaka ya eneo ("kuanzia shimo la kupokelea nafaka hadi mizani ya kufungashia"). Mamlaka yake, yaani kusimamisha mashine, kukataa ununuzi, na kutumia fedha hadi kiasi gani bila kuomba. Naibu wake, pamoja na wa usiku. Na saini yake ya kukubali. Mwajiri haponi kwa kuandika barua hiyo. Jukumu la kuchagua mtu sahihi na kumfuatilia linabaki kwake.

Makosa ya kawaida katika barua hizi ni manne. Cheo kinaandikwa bila jina, kikikaa wazi miezi mitatu hakuna anayejua. Jina ni la mtu aliyeacha kazi. Hakuna naibu wa usiku, na kazi nyingi za kuchomelea hufanyika usiku wakati kinu kimesimama. Mamlaka yameandikwa "kwa kushauriana na uongozi", maneno yanayomaanisha kuwa hana mamlaka.

Mkandarasi na kibali cha kazi ya moto

Hapa kulinganisha ni kati ya njia mbili: mkandarasi atumie fomu zake, au atumie za mwenye kiwanda. Jibu ni za mwenye kiwanda, bila mjadala. Mkandarasi hajui kwamba bomba analochomelea linaungana ghorofa ya tatu na kichujio chenye unga ndani.

Kilicho cha kuchagua kweli ni nani asaini kibali. Kibali kinachosainiwa ofisini ni chepesi na hakigharimu muda. Kinachosainiwa pale pale kwenye bomba kinachukua dakika 20 au 30 zaidi, na ndicho pekee chenye maana. Anayesaini aone kwa macho kuwa mashine imefungwa kwa kufuli na kuwekwa lebo, bomba limetolewa unga na kutenganishwa pande zote mbili, vumbi limeondolewa mita 11 kuzunguka, matundu ya sakafu na ya ukuta yamezibwa, kizima moto kipo, na mlinzi wa moto ametajwa kwa jina. Kibali kiishe na zamu. Zamu mpya, kibali kipya.

Mlinzi wa moto ndiye anayeondoka mapema. NFPA 51B, tangu toleo la 2019, inataka abaki angalau saa 1 baada ya kazi kuisha. Zamani ilikuwa nusu saa. Unga huungua polepole chini ya tabaka bila moshi wa kutosha kumshtua mtu, halafu kinu kikiwashwa, hewa ya feni inalipuliza kaa hilo ndani ya mfumo. Kwa hiyo kibali kiwe na mistari miwili ya mwisho ambayo si ya aliyekifungua: saa mlinzi alipoondoka, na saini ya msimamizi wa zamu anayeruhusu kuwasha.

Ukaguzi: ratiba ya kudumu au mpango wa matengenezo

Ujerumani, chini ya BetrSichV, kanuni yake ya usalama wa mitambo kazini, inaweka vipindi: mtambo mzima ukaguliwe kabla ya kuanza kutumika na kisha angalau kila miaka 6, vifaa vya kinga ya mlipuko kila miaka 3, mifumo ya uingizaji hewa, vihisi gesi na mifumo ya gesi zisizowaka kila mwaka. Inaruhusu pia njia ya pili, mpango wa matengenezo uliothibitishwa unaochukua nafasi ya baadhi ya vipindi hivyo. IEC 60079-17 nayo haitaki ukaguzi wa vifaa vilivyofungwa upite miaka 3 bila ushauri wa mtaalamu.

Mpango wa matengenezo unavutia kwa sababu unaondoa siku za kusimama. Unahitaji mafundi wanaojua wanachokitazama kila wiki, na kumbukumbu zinazothibitisha hivyo. Kiwanda ambacho hakijakamilisha hata orodha ya vifaa vyake kisiuguse. Kianze na ratiba ya kudumu. Na kwa viwanda vya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa miaka 3 ni mingi. Hewa ya chumvi hula boliti za maboma na glandi za kebo, na mipira ya kuzibia inakakamaa. Mwaka 1 kwa vilivyo nje na karibu na bahari ni kipindi cha busara, halafu urefushwe kama matokeo mawili mfululizo ni mazuri.

Vitu vinavyokutwa vibaya havibadiliki sana. Mota iliyoungua imerudishiwa ya kawaida kutoka stoo kwa kuwa nguvu na mzunguko ni sawa. Lebo ya kifaa imepakwa rangi, alama haisomeki. Glandi moja haipo, tundu limezibwa kwa kitambaa. Waya wa ethi wa kuunganisha mabomba umefunguliwa wakati wa kusafisha na haukurudishwa. Orodha ya vifaa iwe na safu ya namba ya lebo, mahali, kanda, alama kamili kama ilivyoandikwa kwenye kifaa, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na kasoro iliyo wazi. Fundi akibadilisha kifaa, mstari wa zamani usifutwe. Upigwe mstari na mpya uandikwe chini.

Kumbukumbu za kila siku: daftari au kompyuta

Kinu cha Didion huko Cambria, Wisconsin, kililipuka tarehe 31 Mei 2017 na kuua watu 5. Mwaka 2023 kampuni ilikiri mahakamani kuwa kumbukumbu za usafi na za vichujio vya vumbi zilighushiwa. Karatasi zilikuwepo. Hilo ndilo la kukumbuka unapochagua kati ya daftari na programu ya simu: swali ni kama kumbukumbu inaweza kujazwa bila kufika mahali.

Daftari la karatasi ni rahisi, halizimiki umeme ukikatika, na linajazwa kwa wiki nzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Programu yenye msimbo wa kuskani kwenye kila mashine inamlazimisha mtu afike hapo, lakini simu ya kawaida haifai kuingizwa ndani ya Kanda 20 wala 21, na ile iliyoidhinishwa ni ghali. Njia ya kati inatosha kwa wengi: karatasi, lakini inayodai namba badala ya alama ya vema. Badala ya "kichujio kimekaguliwa ✓", andika shinikizo la tofauti lililosomwa kwenye geji. Namba ikiwa ileile siku 20 mfululizo, ama geji imekufa ama hakuna aliyepanda ngazi.

Rejista moja inastahili kuwa peke yake, nayo ni ya vizuizi vilivyorukwa. Elevata ya ndoo huwa na kihisi cha kasi kinachoisimamisha mkanda ukipungua kasi. Marekani kikomo ni asilimia 20 chini ya kasi ya kawaida. Usiku kihisi kikisumbua, fundi anaunganisha kipande cha waya kukipita, kinu kinaendelea. Wiki mbili baadaye waya bado upo, na waraka wa msingi bado unasema elevata inalindwa. Rejista ya vizuizi iandikwe kihisi gani, nani aliruhusu (si fundi mwenyewe), kuanzia saa ngapi, ulinzi gani wa muda umewekwa badala yake, na mwisho wa ruhusa. Saa 12 ni nyingi za kutosha. Zikipita, elevata isimame.

Kuchagua kwa ukubwa wa kazi

Mashine ya kusaga ya mtaani yenye watu wawili haihitaji waraka wa kurasa 20. Inahitaji ukurasa mmoja ukutani, mlango wazi, sumaku ya kunasa vyuma inayosafishwa kila siku, na marufuku ya kuchomelea ikiwa inasaga.

Kampuni ya watu 20 hadi 60 yenye laini moja: weka kinga ya mlipuko ndani ya tathmini ya jumla ya hatari, lakini kwa sura yake yenyewe, na ramani ya kanda yenye mita. Mshika waraka ni mwenye kampuni au meneja. Mkodi mshauri mara moja kwa takwimu za vumbi na kanda.

Kiwanda chenye laini kadhaa, maghala ya silo na zamu za usiku: umbo la mchanganyiko, mkuu wa kinu akiwa mshika waraka, barua za kukasimu kwa majina, na ukaguzi wa afisa usalama kila robo mwaka. Kama bajeti ni ndogo na lazima uanze na kitu kimoja, usianze na waraka wenyewe. Anza na fomu ya mabadiliko ya ukurasa mmoja: kinabadilika nini, kiko kanda gani, vumbi litakusanyika wapi ambako halikukusanyika zamani, joto la uso la kifaa kipya ni nyuzi ngapi, sura ipi ya waraka inaguswa. Saini tatu: mkuu wa kinu, mhandisi, afisa usalama. Kisha ielekeze idara ya manunuzi kwamba hakuna LPO (hati ya kuagiza) ya mashine, mota, feni, boma wala kifuniko inayotoka bila namba ya fomu hiyo kuandikwa juu yake.